“Too dry” haikuwa sifa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi kwa mfanyabiashara wa dagaa hapa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na kwa kuwa ofisini ni mimi peke yangu niliyefika kidato cha sita, barua pepe zote za Kiingereza huandika mimi. Hivi karibuni nilimwandikia mteja mpya wa nje: “Our dagaa is too dry and too clean. We very like to work with you.” Akajibu akiuliza kama dagaa hao hawatavunjika njiani, na kama tutapunguza bei kwa sababu ya kasoro hiyo. Tajiri wangu alikasirika, na mimi nilikuwa nasifia. Nimekosea wapi, na haya maneno “very”, “too”, “so” na wenzake yanatumikaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kukutetea kidogo mbele ya tajiri wako. Kiswahili kilichokuwa kichwani mwako ulipoandika kilikuwa sahihi kabisa. Ulitaka kusema “dagaa wetu ni wakavu mno na safi mno”, na hakuna mnunuzi wa Kirumba wala wa Ukerewe ambaye angeisikia sentensi hiyo akadhani unakiri kasoro. Neno “mno” hubeba mambo mawili kwa pamoja, yaani wingi wa sifa na kuvuka mpaka, na msikilizaji hutambua lipi limekusudiwa kwa kutazama nani anasema na anasema juu ya nini. Ukisema “chai hii ina sukari mno” unalalamika, na ukisema “mtoto huyu ana adabu mno” unasifu. Kiingereza hakikuyaweka mambo hayo mawili katika neno moja. Kiliyatenga, “very” ikapewa wingi wa sifa peke yake, “too” ikapewa kuvuka mpaka peke yake, na mtu anayeandika “too” huwa ametangaza kwamba kuna tatizo hata kabla hajalitaja.

Jambo la kushika kuhusu “too” ni kwamba ina mkia, na hata pale mwandishi asipouandika mkia huo, msomaji huutafuta. Mtu akiniambia “The bag is too heavy”, papo hapo ninajiuliza: gunia ni zito kupita kiasi kwa ajili ya nini? Kubebwa na mtu mmoja, kupandishwa mtumbwini, au kupokelewa na basi? Mkia ukitajwa, hutanguliwa na “to” au “for”: “The bag is too heavy to carry”; “The wind was too strong for the boats to go out.” Sentensi hii ya pili inaeleza kwamba mitumbwi haikutoka, ingawa ndani yake hamna “not” hata moja, kwa sababu ukanusho wote umejificha ndani ya “too” yenyewe. Ndiyo maana mteja wako alipoona “too dry” aliumalizia mkia mwenyewe, kwa kutumia kile anachokijua kuhusu dagaa: wamekauka kupita kiasi hata hawawezi kusafirishwa bila kugeuka unga. Kuhusu “too clean”, nadhani ilimchekesha tu, maana ni vigumu kuona jinsi dagaa anavyoweza kuwa safi mpaka ikawa hasara.

Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni rahisi. Kabla hujaandika “too”, rudia sentensi yako kwa Kiswahili ukiweka “kupita kiasi” mahali pa “mno” au “sana”. “Dagaa wetu ni wakavu kupita kiasi” si ulichotaka kusema, kwa hiyo “too” imekataa na unarudi kwenye “very”. “Gunia hili lina mchanga kupita kiasi” ndicho ulichotaka kumwambia mvuvi aliyeanika dagaa wake chini, kwa hiyo “too” inakaa: “There is too much sand in this bag.” Angalia hapo kwamba mbele ya jina tunahitaji “too much” au “too many”, lakini mbele ya kivumishi “too” husimama peke yake. Watu wengi sana huandika “too much expensive”, nami nimeliona kosa hilo hata katika matangazo yaliyochapishwa kwa gharama. Ukitaka kuongeza uzito juu ya “too”, geuza mpangilio: “much too expensive” au “far too expensive”.

Zipo nafasi chache ambapo Waingereza wenyewe hulitumia neno hilo kwa upole. Mgeni akipewa zawadi husema “You are too kind”, kana kwamba wema umevuka kiasi anachostahili, na katika barua rasmi utakutana na “We would be only too happy to help”, ambayo maana yake ni kwamba tutafurahi sana kusaidia. Sentensi hizo ni sahihi, lakini zimekaa kama misemo iliyogandishwa, na mtu ambaye “too” bado inamponyoka asizivae kwanza.

Hapo hapo kuna mchanganyiko mwingine unaozaliwa na Kiswahili chetu. Sisi husema “upepo ulikuwa mkali sana hata mitumbwi haikutoka”, na tukitafsiri neno kwa neno tunapata “too strong that the boats did not go out”, ambayo ni nusu ya sentensi moja iliyounganishwa na nusu ya nyingine. Anayeoana na “that” ni “so”: “The wind was so strong that the boats did not go out.” Hapa ukanusho unautaja waziwazi, tofauti na kwenye “too”. Na kama unachokoleza ni kivumishi chenye jina nyuma yake, “so” humwachia nafasi “such”: si “so clean dagaa” bali “such clean dagaa”, si “so big fish” bali “such a big fish”. Hayo nayapita haraka kwa sababu ukiyaona mara tatu hutayasahau.

Sasa nije kwenye “We very like”, ambayo ni kosa la aina nyingine kabisa. “Sana” ya Kiswahili haina ubaguzi. Hufuata kivumishi tukasema “mzuri sana”, hufuata kitenzi tukasema “napenda sana”, hufuata kielezi tukasema “mapema sana”, na hata jina halikatai, tukasema “nina njaa sana”, “ana haraka sana”, “ana nguvu sana”. “Very” haina uhuru huo. Kwa kawaida husimama mbele ya kivumishi au mbele ya kielezi: “very clean”, “very early”. Kitenzi hakiigusi, na ndipo inapobidi kuita “very much”, ambayo nayo ina mahali pake. Inakubali kukaa mbele ya kitenzi, au mwisho kabisa baada ya yule anayetendewa, lakini haikubali kujipenyeza katikati yao. Kwa hiyo “I very much like sato” ni sawa, na “I like sato very much” ni sawa, ila “I like very much sato”, ambayo ndiyo inayofanana zaidi na “napenda sana sato” yetu, haikubaliki. Ulichokuwa unakitafuta kwa mteja wako ni “We would very much like to work with you.” Ilikosekana “would”, ambayo hugeuza “tunapenda” kuwa “tungependa”, na ikakosekana “much”.

Kuhusu njaa na haraka, tatizo si “very”. Ni kwamba jambo ambalo sisi tunalitaja kwa jina, wao mara nyingi hulitaja kwa kivumishi. “Nina njaa sana” inakuwa “I am very hungry”, “kuna joto sana leo” inakuwa “It is very hot today”, na “ana nguvu sana” inakuwa “He is very strong”. Pale ambapo wao pia wanatumia jina, kikolezo, yaani neno la kukoleza, lazima kiwe kivumishi, na ndiyo sababu “ana haraka sana” ni “He is in a great hurry”. “Asante sana” nayo isikudanganye ukaandika “very thanks”. Andika “Thank you very much”, au kwa mtu mliyezoeana “Thank you so much”. “Thank you too much” ningekuomba uiache hapo hapo kituo cha daladala ulipoisikia.

Kabla sijasahau, vitenzi vingine vina vikolezo vyao wenyewe ambavyo ni vizuri kuliko “very much”. Tunashauri kwa nguvu, “we strongly advise”. Tunakubali kikamilifu, “we fully agree”. Tunasikitika kwa kina, “we deeply regret”. Jihadhari na “hard” na “hardly” zaidi ya vyote. “He works hard” ni mchapakazi, na “He hardly works” ni mtu ambaye karibu hafanyi kazi kabisa, japo maneno hayo yanafanana kama mapacha. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nilimwandikia kijana mmoja barua ya kumpendekeza nikasema “He has hardly worked throughout the four years”, nikidhani nimeongeza “-ly” ili kielezi kipendeze. Mwalimu mwenzangu mwenye umri mkubwa aliikamata barua hiyo kabla haijapigwa muhuri. Kijana yule hakuwahi kujua, na mimi sikuwahi kusahau.

Lipo kosa ambalo hukuliuliza, lakini kwa mtu anayewaandikia wateja kuhusu fedha nadhani ni la hatari zaidi hata ya “too”, na hilo ni “kabisa” inapokutana na ukanusho. Kwa Kiswahili, “sielewi kabisa” maana yake ni kwamba sijaelewa hata kidogo. Mtu akitafsiri neno kwa neno huandika “I don’t completely understand”, na Mwingereza akiisoma huelewa kinyume chake: huyu ameelewa sehemu kubwa, kimebaki kipande kidogo. Hii ni kwa sababu katika Kiingereza “not” ikitangulia “completely”, kinachokanushwa ni ule ukamilifu, si kitendo. Hebu fikiri umesubiri malipo ya magunia, hujaona hata senti, na ukaandika “We have not completely received the money.” Mteja atakayeisoma atadhani umekiri kwamba sehemu ya fedha imefika, na barua hiyo anaweza kuitunza kama ushahidi. “Kabisa” ya aina hiyo huwa “at all”, na hukaa mwishoni: “We have not received the money at all.” Vivyo hivyo “siipendi kabisa bei hii” ni “I don’t like this price at all”.

“Sipendi sana” ni hadithi nyingine, nayo huenda sambamba na “I don’t really like it”, yaani sikatai moja kwa moja ila moyo haujaridhia. Ukiihamisha “really” ikatangulia “don’t”, ukapata “I really don’t like it”, umepanda ngazi mpaka kwenye “sipendi kabisa”. Neno ni lile lile, na nafasi moja tu ya kushoto imegeuza upole kuwa ukali. Kwetu nafasi haina nguvu kiasi hicho, kwa hiyo wengi wetu hatuitazami.

Nirudi kwa dagaa wako, maana ndipo penye utamu wa somo lenyewe. Wewe unajua, na mnunuzi yeyote mzoefu anajua, kwamba tofauti ya bei kati ya dagaa waliokaushwa juu ya kichanja na dagaa walioanikwa mchangani ni mchanga. Ukitaka kusema kwa Kiingereza kwamba wako hawana mchanga, utaandika “free of sand”. Je, utaikolezaje? “Very free of sand” haisemeki, kwa sababu kutokuwa na mchanga si jambo la ngazi. Ama mchanga upo, hata chembe chache, ama haupo. Sifa za namna hii, ambazo zimekwisha kufika ukingoni, hazitaki neno la kuzipandisha, kwa kuwa hakuna pa kupanda. Zinataka neno la kuthibitisha kwamba kweli zimefika, na maneno hayo ni “completely”, “absolutely”, “totally”, “perfectly”, “entirely” na wenzao: “completely free of sand”.

Mpaka huo kati ya sifa za ngazi na sifa za ukingoni ndio unaoeleza makosa mengi ambayo walimu huyasahihisha kwa wino mwekundu bila kueleza sababu. Baridi ina ngazi, kwa hiyo “very cold”. Lakini “freezing” tayari ni baridi iliyofika mwisho, kwa hiyo “absolutely freezing” na si “very freezing”. “Good” ina ngazi, lakini “excellent” na “perfect” hazina, na barua inayosema “very excellent quality” inamwonyesha mteja kwamba mwandishi hakuamini kwamba “excellent” inatosha. “Tired” ni “very tired”, ila “exhausted” ni “completely exhausted”. Upande wa pili nao una mipaka yake: “absolutely” haiendi na sifa za kawaida za ngazi, kwa hiyo “absolutely big” na “completely expensive” husikika vibaya masikioni mwa mwenye lugha. Wakati wa shaka, “really” huingia pande zote mbili, “really cold” na “really freezing”, lakini ina harufu ya mazungumzo, na katika barua ya biashara ningeitumia kwa kiasi.

Tena usidhani kwamba ukishajua kama sifa ni ya ngazi au ya ukingoni kazi imekwisha, kwa maana Kiingereza kina ndoa za maneno ambazo hazina kanuni, kama sisi tulivyo na vielezi viigizi. Nani alituamuru tuseme mweusi tititi na mweupe pepepe, giza totoro na si giza pepepe, kulowa chapachapa, kulala fofofo, kujaa pomoni? Mtoto wa Kiswahili huzipata ndoa hizo nyumbani, na mgeni akisema “amelala tititi” tunacheka kwanza kabla ya kumwelekeza. Kiingereza nacho kinazo. Aliyelala fofofo ni “fast asleep”, ingawa “fast” hiyo haina uhusiano wowote na mwendo kasi bali imebaki na maana ya zamani ya kushikilia imara. Aliyelowa chapachapa ni “soaking wet”. Giza totoro ni “pitch dark”, na “pitch” ni ile lami nyeusi iliyotumika zamani kuziba nyufa za majahazi. Kitu kipya kabisa ni “brand new”, mlango ulio wazi kabisa ni “wide open”, mgonjwa aliyezidiwa ni “seriously ill”, mtumbwi ulioshiba mzigo ni “heavily loaded”, nyavu zilizoharibika vibaya ni “badly damaged”. Ukiweka “very” katika baadhi ya nafasi hizo utaeleweka, lakini utasikika kama yule mgeni wa “amelala tititi”. Kwa hiyo unapojifunza kivumishi kipya usikiandike peke yake kwenye daftari lako. Kiandike pamoja na mwenza wake.

Ulinganisho una sheria yake, na hiyo ni ngumu kama jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza. “Very” haikai mbele ya kivumishi kilicholinganishwa. “Very better”, “very bigger” na “very cheaper” ni makosa yote matatu, na badala yake tunatumia “much”, “far” au “a lot”. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, anayetoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita hahitaji tena kusubiri kivuko, na akitaka kumweleza mgeni atasema “The crossing is much faster now”, wala si “very faster”. Kwa kitu kinachoshinda vyote, kikolezo ni “by far”. Ziwa letu Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Ziwa Tanganyika linalofuata kwa ukubwa barani Afrika lina kama 32,900 tu, kwa hiyo mtu wa Mwanza ana haki yote ya kuandika “Lake Victoria is by far the largest lake in Africa”. Ila asijisahau mbele ya mtu wa Kigoma, kwa maana lile lao lina kina cha mita 1,470 wakati letu halifiki hata mita 100, na hapo ni wao wanaosema “far deeper”. Wanafunzi wakaidi huniletea “the very best” kama ushahidi dhidi yangu. Ni sahihi, lakini pale “very” inakoleza “best” iliyo kileleni, haikolezi “better” iliyo njiani.

Kwa “quite” ningekushauri uiepuke katika barua za kazi. Mbele ya sifa za ukingoni ni “kabisa”, kama katika “quite impossible”. Mbele ya sifa za ngazi Mwingereza huwa anamaanisha “ni nzuri kiasi chake”, wakati Mmarekani akisema “quite good” huwa anasifu zaidi ya hapo. Mteja wako akiwa London ataiona “quite clean” kama nusu ya sifa. “Fairly fresh” ni mbaya zaidi, maana samaki wa kadiri si samaki wa kununua.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua yako ndefu, kwa nini nisikupe tu orodha ya maneno makali ili uchague lililo kali kuliko yote. Sikupi, na sababu iko ndani ya historia ya maneno hayo yenyewe. “Very” iliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani ikiwa na maana ya “kweli”, na mabaki ya maana hiyo bado yapo katika “the very man”, ambayo sisi tungesema “mtu mwenyewe hasa”. Watu waliitumia kuapa kwamba wanasema kweli, ikachoka, ikawa “sana” tupu. Ikaja “really”, nayo inaelekea huko huko. “Terribly” na “awfully” zilianza zikiwa na vitisho vya kweli ndani yake, na leo bibi wa Kiingereza anakwambia “awfully nice” akiwa anatabasamu. Vijana wetu wanafanya hivyo hivyo na “balaa”, “noma” na “hatari”: wali mtamu balaa, na hakuna aliyekufa. Maneno ya kukoleza ni kama chumvi iliyoachwa wazi msimu wa masika, hupoteza makali yenyewe kwa yenyewe, na anayeyarundika katika sentensi moja huonekana kama muuzaji anayejua kwamba mzigo wake una walakini. Barua yenye “extremely clean, absolutely fresh and highly delicious” huwa naisoma nikiwa nimeshika mfuko wangu. Na “highly”, kwa taarifa yako, huoana na maneno kama “recommended”, “likely” na “qualified”. Na “delicious” haiendi.

Kwa mfanyabiashara, mara nyingi kikolezo kizuri ni maelezo. Badala ya kumwambia mteja kwamba dagaa ni wakavu sana, mwambie wamekaushwa wapi na kwa siku ngapi, kisha yeye mwenyewe atalisema hilo “sana”. Hivyo ningemjibu hivi, nikiweka idadi ya siku zenu halisi kama si mbili:

“In my last message I wrote ‘too dry’ where I meant ‘very dry’, and I am sorry for the confusion. Our dagaa are sun-dried on raised racks for two days. They are thoroughly dry but not brittle, and completely free of sand. We would very much like to work with you and can send a sample this week.”

Tazama kwamba vikolezo vimebaki vinne tu, ukiitoa “too” ninayoisahihisha, na kila kimoja kina kazi yake. “Very dry” inafuta kosa. “Thoroughly” inasema ukavu umefika ndani, si juu juu, na ni neno linaloendana na kitu kilichokaushwa. “Completely” inalinda sifa ya ukingoni. “Very much” inakoleza kitenzi. Na ile sentensi ya kwanza usiione kuwa ya kujidhalilisha. Mtu aliyeuliza kama dagaa watavunjika bado anawataka, asiyewataka asingeuliza.

Punguzo la bei ni la tajiri wako kuamua. Akikutuma kukataa, andika “I am afraid we cannot reduce the price”, usiongeze “at all” mwishoni, kwa sababu hiyo ni “kabisa” ya kufunga mlango, na ninavyowafahamu matajiri wa Mwaloni, mlango wa bei huwa wanapenda ubaki umerudishiwa tu.